Bunduki ya Baba Mkubwa: nilivyoirudishia mbao zake, na mambo ya kujua kabla hujaanza

Kama umerithi bunduki ya zamani ya kijeshi iliyokatwa mbao zake ikafanywa ya kuwindia, na unataka kuirudisha ilivyotoka kiwandani, weka bisibisi chini kwanza. Kazi hii inaanzia kwenye karatasi, inapita kwenye mihuri iliyogongwa kwenye chuma, ndipo inafika kwenye mbao. Mimi nimeipitia yote, na gharama yake naijua kwa shilingi na kwa usingizi. Nilipoanza hapa Dodoma kila niliyemuuliza alijua kipande kimoja tu. Nimeviunganisha hapa kwa ajili ya anayekuja nyuma yangu.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield ya risasi ya .303. Ilikuwa ya Baba Mkubwa, upande wa Kolo, Kondoa. Aliinunua kwa kibali miaka ya sabini kutoka kwa mkulima wa kizungu aliyekuwa anafunga shamba, akaitumia kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Tangu tukiwa watoto tuliijua hivyo hivyo: ubao wa mbele umeishia katikati, mtutu uko wazi kama shingo ya mbuni, na nyuma ya kitako kuna mpira mwekundu. Sikuwahi kufikiri kuwa iliwahi kuwa na sura nyingine, mpaka nilipoona picha za askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Bunduki zao zilikuwa zimevikwa mbao juu na chini, hadi kwenye kofia ya chuma mdomoni. Nikatamani kuiona ya kwetu ikiwa hivyo.

Baba Mkubwa alipofariki, Mama Mkubwa alifanya jambo lililotuokoa. Matanga yalipokwisha alimwita mwenyekiti wa kijiji, wakaipeleka bunduki polisi pamoja na kitabu cha leseni na risasi zilizobaki, wakapewa hati ya makabidhiano. Najua familia ambazo huificha chini ya uvungu "mpaka mambo yatulie". Usifanye hivyo. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenye leseni akifa, anayebaki na silaha ndani anakaa na silaha isiyo na kibali, hata kama ni mjane wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo na jambo hilo.

Baada ya hapo ndugu walikaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha msimamizi wa mirathi. Binamu yangu mmoja alitaka iuzwe tugawane fedha. Nilimwelewa, maana alikuwa na ada za watoto zinamsubiri. Tulikubaliana nimlipe sehemu yake, na hilo likaandikwa kwenye muhtasari. Liandikeni na ninyi. Bila maandishi hayo, ombi langu lingekwama kwenye swali la kwanza kabisa nililoulizwa na afande: "Ndugu wengine wameridhia?"

Ombi langu la kumilikishwa lilianzia serikali ya mtaa, likaenda kata, wilaya, mkoa. Katika ofisi moja jalada lilipotea. Nilikaa nikisubiri simu ambayo haikuja, nikawa nakosa usingizi nikidhani nimekataliwa. Kilichonitoa ni nakala: kila barua niliyopeleka nilikuwa na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nilizibeba zote, jalada likafunguliwa upya, safari ikaendelea. Tangu siku ile sitoi karatasi ofisini bila kubaki na nyingine yenye muhuri.

Na usidhani leseni ya kumiliki inakuruhusu kufanya ufundi. Kutengeneza silaha ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni yake mwenyewe. Wa kwangu nilimpata Arusha, mzee aliyezoea bunduki za kampuni za uwindaji. Safari ya kutoka Dodoma kupitia Kondoa na Babati sikuifanya kwa basi. Nilikodi gari, bolti (komeo la chuma linalofunga chemba, yaani chumba cha risasi) imetolewa na kufungiwa mbali na bunduki, na hati zote nimezishika. Iliniongezea gharama, lakini kwenye vizuizi vya barabarani niliulizwa, nikaonyesha, nikapita.

Kabla ya kugusa chochote, mzee alinikalisha tusome chuma. Kwenye shingo ya bunduki, pale kitako kinapoungana na mwili, kulikuwa na taji, herufi GR (za Mfalme George), BSA Co (kampuni ya Birmingham Small Arms), mwaka 1916, SHT.L.E. (Lee-Enfield fupi), na III yenye nyota, yaani Mark III ya aina iliyokuja kuitwa Namba 1. Maana yake ilitengenezwa Birmingham katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na ile nyota ni muhimu kuliko inavyoonekana. Waingereza walihitaji bunduki nyingi kwa haraka, wakapunguza baadhi ya vitu: bamba la kuzuia risasi za kwenye magazini zisipande, na vilengeo vya pembeni vya masafa ya mbali. Mtu asiyejua atavinunua vitu hivyo kwa bei kubwa avifunge kwenye bunduki yenye nyota, akidhani anairudisha kwenye asili. Kumbe anaipa sura ambayo pengine haikuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Na viwanda vilikuwa vingi: Enfield na BSA Uingereza, Lithgow Australia, Ishapore India. Kila kimoja kilikuwa na aina zake za mbao na mihuri yake. Jua kwanza ya kwako ilizaliwa wapi na mwaka gani.

Mihuri mingine ilinigusa zaidi. Baba Mkubwa alikuwa akiwaambia wageni kwamba bunduki hii iliingia Kondoa na jeshi la van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, mwezi Aprili 1916, ikateremka nalo hadi Dodoma mwezi Julai, walipokuwa wakiwafuata askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuelekea reli ya kati. Historia hiyo ni ya kweli na makaburi ya vita yapo hapa mjini. Lakini chuma kilisimulia habari nyingine. Kulikuwa na mishale miwili midogo iliyoelekezeana ncha, alama ya silaha ambayo jeshi la Uingereza limeiuza. Karibu yake kulikuwa na mihuri ya upimaji ya Birmingham kwa silaha za kiraia, pamoja na maandishi ya shinikizo la tani 18.5 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo ilitoka jeshini kwa mauzo, ikapimwa upya Birmingham, ndipo ikaja huku kama bunduki ya mwindaji. Nilimweleza Mama Mkubwa kwa uangalifu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mzee wako alipenda hadithi. Wewe andika ya kweli." Nimeiandika, na karatasi hiyo inakaa kwenye jalada moja na leseni.

Halafu rula. Mtutu wa aina hii una urefu wa inchi 25.2, yaani karibu milimita 640. Hupimwa kwa kuingiza ufito wa kusafishia mdomoni hadi uguse uso wa bolti iliyofungwa, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kuwa chemba na magazini ni tupu. Kama mtutu umekatwa, ningekushauri uishie hapo, maana utahitaji mtutu mwingine na vibali vyake, na bunduki itakayotokea itakuwa nusu yako nusu ya mtu mwingine. Wa kwetu ulikuwa mzima, na kilengeo cha mbele kiko mahali pake. Namba kwenye bolti ililingana na ya mwilini. Hilo nalo liangalie: bolti ililinganishwa na bunduki yake kiwandani, na ukikuta namba tofauti, fundi lazima apime kwa geji nafasi ya risasi ndani ya chemba kabla mtu hajafyatua hata mara moja. Mwili wa chuma haukuwa na matundu ya kufungia darubini, jambo lililonifurahisha, kwa sababu matundu hayo hayafutiki.

Kuna bunduki nyingine zinazofanana na hizi ambazo hazikukatwa na mtu. BSA wenyewe walitengeneza Lee za uwindaji kwa ajili ya soko la kiraia, zenye mbao fupi tangu siku ya kwanza. Ukiipata moja, ukaivika mbao za kijeshi, umeiharibu. Ndiyo maana narudia: soma mihuri.

Sasa mbao. Ubao wa mbele wa kijeshi una nyuso mbili ndogo kwa ndani, nyuma kabisa, ambazo ndizo zinazopokea kishindo cha mwili wa chuma kila risasi inapotoka. Kama hazigusani sawasawa pande zote mbili, ubao utapasuka au risasi zitatawanyika. Kwa sababu hiyo mzee alinikataza kuchongesha ubao mzima upya kwa mninga, ingawa seremala wangu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, alikuwa tayari. Niliagiza Uingereza ubao wa mbele wa zamani usiotumika, vifuniko viwili vya juu ya mtutu, kofia ya chuma ya mdomoni, pete na skrubu zake. Kabla ya kuagiza niliandika barua kuuliza kama vipande hivyo vinahitaji kibali cha kuingizwa, nikasubiri jibu la maandishi. Pamoja na usafirishaji na ushuru ilikaribia shilingi milioni moja na laki mbili. Muuzaji akaniletea kifuniko kimoja cha Lee-Enfield Namba 4, toleo la baadaye, ambacho hakiingii kwenye Namba 1 kwa namna yoyote. Kukirudisha kulikula muda na fedha. Unapoagiza, andika "Namba 1 Mark III" kwenye kila kipande, omba picha ya upande wa ndani, usiridhike na picha ya juu.

Mbao zilipofika nilidhani kesho yake tutafunga. Mzee akakataa katakata. "Hizi zimetoka kwenye mvua," alisema, "na wewe unaishi kwenye ukame. Kaa nazo." Alikuwa na sababu. Skrubu kubwa ya mbele, inayobana ubao kwenye chuma, hupita ndani ya kibomba kidogo cha chuma. Ubao ukisinyaa baada ya kufungwa, skrubu itakaza kwenye kile kibomba huku mbao zenyewe zimelegea, na wewe hutajua mpaka nyufa zionekane. Hewa ya Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba hukausha hata milango iliyokwisha kukauka. Basi nilizilaza ndani, kivulini, mbali na ukuta unaopigwa na jua, nikawa nazipima kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi. Gramu zilishuka, zikashuka tena, mwishoni zikasimama. Zilipoacha kushuka ndipo nikampigia simu. Kama kuna shauri moja ambalo mtu wa Dodoma, Singida au Manyoni hatalisoma kwenye maelekezo ya nchi za baridi, ni hili la mizani.

Kitako ndicho kilichonikosesha raha. Aliyeifanya ya kuwindia alikuwa amekata kipande nyuma ili afunge ule mpira, kwa hiyo bamba la shaba lenye kijimlango cha kuhifadhia kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia lisingekaa tena. Watu wawili wenye uzoefu waliniambia ninunue kitako kizima. Kwa hesabu ya fedha walikuwa sahihi. Lakini upande wa kushoto, pale shavu linapolala, mbao ilikuwa imelainika na kung'aa kwa miaka ya uso wa Baba Mkubwa, na chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya baiskeli yake. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kilichokatwa kwa msumeno kirudi, ndiyo, lakini sikuona haki ya kutupa kilichochakazwa na mtu kwa kuishi nacho. Tukaamua kuunga.

Kukitoa kitako kuna mtego ambao umewapasulia mbao watu wengi, hata mafundi. Ndani yake kuna bolti ndefu inayofunguliwa kwa bisibisi refu kupitia nyuma. Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, na huingia kwenye kibamba kilichopo nyuma ya ubao wa mbele ili isijifungue. Ukiizungusha ubao wa mbele ukiwa bado umefungwa, unaupasua. Siku zote ondoa ubao wa mbele kwanza, ndipo uguse kitako. Kijana wa pale karakana alikuwa ameshaingiza bisibisi, mzee akapiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Moyo wangu ulisimama.

Kitako kilipokuwa peke yake, mbali na chuma, nilikirudisha Dodoma kwa seremala. Alichagua kipande cha mninga kilichokauka muda mrefu, mbao ambayo haichezi sana na hali ya hewa, akaunga kwa gundi na vigingi viwili vya mbao. Kitako cha asili ni cha mti wa jozi, kwa hiyo mstari wa kiungo unaonekana ukitazama karibu. Sikumwambia aufiche kwa rangi. Kazi yake ilikuwa shilingi 90,000, na nilimwongezea.

Vanishi ya mwindaji ilibidi itoke, na hapa msasa ni adui. Msasa unakula mihuri midogo iliyogongwa kwenye mbao na unazungusha kona ambazo zinatakiwa ziwe kali. Tulitumia dawa ya kuondolea rangi na brashi laini. Mafuta meusi ya miaka mingi yaliyozama kwenye mbao tuliyavuta kwa kupaka tope la chokaa laini na spiriti, tukaifunga mbao kwenye plastiki nyeusi, tukaiweka juani. Jua letu lilifanya kazi nzuri sana, chokaa ilikuwa inatoka ya kahawia. Mibonyeo midogo ilipanda kwa kitambaa kibichi na ncha ya pasi ya moto. Ile sehemu ya shavu sikuiruhusu iguswe na kitu chochote zaidi ya kitambaa kikavu.

Badala ya vanishi, mbao za jeshi la Uingereza zilipakwa mafuta ya kitani mabichi. Paka kidogo, sugua kwa kiganja mpaka ipate joto, futa, acha ikauke, rudia kesho au kesho kutwa. Matambara yake ni hatari ya kweli: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Nyumba yenye watoto na magodoro haitaki kubahatisha.

Chuma tulikiacha kama kilivyo. Kutu nyepesi ilitoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, basi. Ndugu mmoja alitaka tuipige rangi nyeusi mpya ing'ae kama ya dukani. Nilimkatalia, kwa sababu kusugua chuma ili kipokee rangi mpya kunafuta ile mihuri iliyotueleza kila kitu. Ndani ya mtutu kulikuwa na vishimo vidogo, dalili ya risasi za zamani za kijeshi ambazo viwashio vyake viliacha chumvi, na chumvi hiyo haitolewi na mafuta bali na maji ya moto, kisha kukausha, kisha mafuta. Hakuna aliyemwambia hivyo Baba Mkubwa.

Kufunga kwenyewe kulifanyika Arusha, na ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Mzee aliwasha kibatari, akashika chuma juu ya moshi mpaka kikapata masizi, akakilaza ndani ya ubao, akakitoa. Palipogusa palikuwa peusi. Akakwangua kidogo sana kwa patasi, akarudia, akarudia tena, mpaka zile nyuso mbili za nyuma zikawa nyeusi sawasawa. Mbele, karibu na mdomo, kuna kijiti cha chuma chenye springi kinachousukuma mtutu juu kidogo. Alinionyesha jinsi ya kujua kama kimekaa vizuri: ukiubonyeza mtutu kwenye kofia ya mdomoni unashuka kidogo, ukiuachia unarudi wenyewe. Kama umekwama, au umeegemea upande mmoja, bado hujamaliza. Ujira wake ulikuwa shilingi 400,000, na sikuona sababu ya kuomba apunguze.

Kwa jumla, pamoja na nauli, magari ya kukodi, kulala na ada za ofisi, nilivuka milioni mbili na nusu. Kwa fedha hizo ningeweza kununua silaha nyingine inayofanya kazi bila taabu. Mtu akiingia kwenye jambo hili kwa kutegemea faida ya kuuza atavunjika moyo, kwa hiyo ajue mapema.

Tuliijaribu kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, mzee akiwa pembeni, kwa risasi chache kutoka kwenye idadi iliyoandikwa kwenye leseni yangu. Kwa mita 100 zilikusanyika vizuri, lakini zote juu ya nilipolenga. Nilitaka kilengeo cha mbele kibadilishwe pale pale. Akanizuia: kilengeo cha nyuma cha bunduki hii kinaanzia yadi 200, yaani karibu mita 183, kwa hiyo kwa umbali mfupi lazima ipige juu. Tulichokagua ni mbao tu. Alifungua, akatazama zile nyuso za nyuma, akakaza skrubu, akaniambia nirudi kwake kiangazi kikishika, maana mwaka wa kwanza ndipo mbao mpya huamua zitakaaje. Mwezi Agosti nitapita tena barabara ya Kondoa, na safari hii nimeahidi kusimama Kolo njiani ili Mama Mkubwa aione.